Aya Moja ya Kantini: Kisa cha Siku ya Mboga Nchini Ujerumani

Ilani ya chama cha Kijani cha Ujerumani kwa uchaguzi mkuu wa mwaka 2013 ilizidi kurasa 300. Humo mlikuwa na mambo mazito: kuachana na umeme wa makaa ya mawe, kuwatoza kodi zaidi wenye kipato kikubwa, kuweka kima cha chini cha mshahara, kuunganisha bima za afya ziwe moja ya watu wote. Katika sehemu ya chakula na ufugaji ilikuwamo pia aya fupi. Ilisema kwamba Mjerumani hula takriban kilo 60 za nyama kwa mwaka, kwamba ulaji wa kiasi hicho una hatari kwa afya na hulazimisha ufugaji wa msongamano usiomjali mtu, mnyama wala mazingira. Kwa hiyo kantini za umma zionyeshe njia: vyakula visivyo na nyama, pamoja na siku moja ya mboga, "Veggie Day", viwe jambo la kawaida.

Aya hiyo haikupenyezwa usiku. Ilipitishwa mjini Berlin mwishoni mwa Aprili, kwenye mkutano mkuu wa chama, kamera zikiwepo. Kwa zaidi ya miezi mitatu ikakaa palepale, ikisomeka na yeyote aliyetaka, na hakuna aliyeishtukia. Kisha Agosti ikaingia. Bunge liko likizo, watu wako safarini, vyumba vya habari vinatafuta cha kuandika. Wajerumani wana jina la kipindi hicho, wanakiita msimu wa matango ya siki. Jumatatu ya tarehe 5 Agosti gazeti la Bild, lililokuwa likiuzwa kuliko magazeti yote nchini humo, likatoka na kichwa cha habari: "Kijani wanataka kutukataza nyama!"

Zilikuwa zimebaki takriban wiki saba kufika siku ya kura. Tangu asubuhi ile, ilani ya kurasa 300 ikageuka ilani ya soseji. Wagombea walioandaa majibu kuhusu nishati na kodi waliulizwa kuhusu kantini kila walikokwenda, na kila jibu walilotoa lilizaa swali jingine la nyama.

Nakirudia kisa hiki kwa sababu hakijaisha. Kila mwanasiasa wa Ulaya anapotaka kusema neno kuhusu ulaji wa nyama, yupo mshauri wa kumkumbusha yaliyowapata Kijani wa Ujerumani. Somo linalotolewa huwa ni moja: umma hautaki kabisa serikali ikaribie sahani yake. Mimi nadhani kisa kinaonyesha jambo jembamba zaidi kuliko hilo, na kwamba somo lililochukuliwa kimakosa limegharimu zaidi ya kura zilizopotea.

Aya ilisema nini hasa

Neno "kukataza" halikuwamo katika aya. Hakuna bucha ambalo lingefungwa, wala mgahawa ambao ungebadilisha menyu. Mtu akila nyumbani kwake, au kwenye kantini ya kampuni binafsi, pendekezo lisingemgusa. Kwa tafsiri ya juujuu, basi, Bild liliongeza chumvi nyingi, na watetezi wa chama waliposema "hatukatazi chochote" walikuwa wanasema kweli.

Lakini isomwe tena kwa jicho la mtu anayekula kwenye kantini hiyo ya umma. "Siku ya mboga iwe jambo la kawaida." Je, maana yake ni kwamba siku hiyo kutakuwa na chakula kizuri cha mboga kando ya nyama, au kwamba nyama haitakuwepo? Aya haikusema. Ilitumia neno moja, kawaida, kwa mambo mawili yasiyofanana. Kuongeza chakula cha mboga kila siku ni kumwongezea mtu nafasi ya kuchagua. Kuondoa nyama siku moja ni kumpunguzia, hata kama ni siku moja tu na hata kama sababu ni njema. Watu huyapima mambo haya mawili kwa mizani tofauti kabisa, na tafiti za maoni kutoka nchi nyingi zinakubaliana hapo: elimu, alama kwenye vifungashio na chaguo zaidi huungwa mkono kwa wepesi, kodi hupata shida, na kuondoa kabisa hupata shida zaidi. Kijani waliyafunga yote katika sentensi moja, kisha wakashangaa msomaji alipoliona lile la mwisho peke yake.

Ndiyo maana utetezi wao haukufua dafu. Aliyejitokeza mbele kulitetea pendekezo alikuwa Renate Künast, mmoja wa viongozi wa wabunge wa chama. Kuhusu nyama hakuwa mgeni hata kidogo. Aliingia wizarani Januari 2001, wakati hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe imetanda nchini na mawaziri wawili wamejiuzulu kwa ajili yake, akaisimamia wizara ya chakula, kilimo na ulinzi wa walaji hadi 2005. Alijua mabanda, alijua machinjio, alijua lebo. Alichosema ni kwamba siku hiyo ni fursa nzuri ya kujaribu kula bila nyama na soseji. Ni kauli ya upole, na bado haikusaidia, kwa sababu haikujibu swali lililokuwa mezani: mimi nisiyetaka kujaribu, siku hiyo nitakula nini? Jibu la wazi lingeweza kutolewa kwa sentensi moja, lolote lile. Halikutolewa mapema, na mahali palipoachwa wazi pakajazwa na wapinzani.

Sahani ya moto ni moja kwa siku

Kuna jambo ambalo wachambuzi wengi wa kisa hiki hulipita haraka, nami naona ndilo kiini. Katika desturi ya Kijerumani, mlo wa moto ni wa mchana. Jioni familia nyingi hula mkate, jibini, vipande vya nyama baridi, achari. Kwa anayeshika desturi hiyo na kula mchana kazini, sahani ya kantini ndiyo sahani yenyewe ya siku. Ukimwambia kwamba siku moja kwa wiki sahani hiyo itapangwa na chama, umegusa kitu kikubwa kuliko ulivyokusudia. Mwandishi wa ilani anayekula mchana kwenye mikahawa yenye menyu ndefu hawezi kuuona ukubwa huo akiwa kwenye meza yake.

Juu ya desturi kuna kumbukumbu. Baada ya vita, hasa majira ya baridi ya 1946 kuingia 1947, Wajerumani walijua njaa ya kweli. Nyama ya kuoka ya Jumapili ilipoanza kurudi mezani, ilirudi kama ushahidi kwamba balaa limepita, na ilipoanza kuonekana mezani hata siku za kazi, wazee waliona maisha yamenyooka. Kwa wajukuu hiyo ni hadithi, lakini ladha na heshima ya nyama vimerithiwa. Ipo pia kumbukumbu chungu zaidi: mwaka 1933 utawala wa Kinazi ulianzisha Jumapili za chungu kimoja, familia zikitakiwa kula mlo wa bei nafuu wa chungu kimoja mara moja kwa mwezi katika miezi ya baridi na kutoa fedha zilizobaki kwa mfuko wa serikali. Kulinganisha chama cha kidemokrasia na utawala ule ni dhuluma, na sitaki kueleweka hivyo. Nasema tu kwamba katika nchi hiyo sauti ya serikali ikizungumza juu ya chungu cha mtu haitui kwenye udongo mtupu.

Halafu lipo jina. "Veggie Day" si Kijerumani. Ni Kiingereza cha mijini, cha wanafunzi wa vyuo na maduka ya vyakula hai ya Berlin na Freiburg. Kwa fundi wa Gelsenkirchen, mji wa viwanda, jina hilo lilitangaza, kabla hata ya kueleza jambo lenyewe, kwamba limetoka kwa watu wa aina fulani na linawaelekea watu wa aina nyingine. Kijani walikuwa tayari wanabeba sifa ya chama cha waliosoma na wenye nafuu. Jina likaithibitisha.

Nguvu ya jambo hili ilionekana tena miaka minane baadaye, mahali ambapo hakuna serikali wala uchaguzi. Agosti 2021 kampuni ya Volkswagen iliamua kuondoa nyama kwenye moja ya kantini zake za makao makuu Wolfsburg. Soseji ya kari, ambayo kampuni hiyo huitengeneza yenyewe na kuipa namba ya kipuri kama ya bolti, haikupatikana tena kwenye kantini hiyo, ingawa kantini nyingine za jirani ziliendelea kuiuza. Kansela wa zamani Gerhard Schröder alijitokeza hadharani kulalamika, akiiita soseji hiyo chakula cha nguvu cha mafundi wa kiwandani. Mwaka 2023 soseji ikarudi. Mtu anayedhani kwamba mwaka 2013 watu waliikataa serikali tu na atafakari hapo: kampuni binafsi, kantini moja, kantini nyingine umbali wa kutembea kwa miguu, na bado ikawa habari ya taifa. Waliokasirika walikuwa wanatetea nafasi ya mfanyakazi mezani.

Alhamisi na Ijumaa

Ingekuwa umma unachukia siku isiyo na nyama kwa namna yoyote ile, basi mambo haya yasingewezekana.

Mwezi Mei 2009 mji wa Ghent, Ubelgiji, ulitangaza Alhamisi kuwa siku ya mboga. Jumuiya ya walaji mboga iliuandaa mpango pamoja na halmashauri, migahawa ikaombwa kuweka walau chakula kimoja kizuri cha mboga, na shule za mji zikaingia katika mpango, mzazi asiyetaka akiruhusiwa kukataa. Mpango ukadumu, ukaigwa. Mmoja wa walioiga ni Bremen, mji wa Ujerumani hiyohiyo, ulioanza Alhamisi yake mwaka 2010. Miaka mitatu kabla ya kelele za Bild, basi, Wajerumani wa mji mzima walikuwa wanaalikwa kula mboga siku moja kwa wiki na hakuna kampeni iliyozama kwa ajili hiyo.

Tena, kabla ya yote hayo, palikuwa na Ijumaa. Kwa karne nyingi Wakatoliki hawakula nyama siku hiyo, na hata baada ya funga kulegea, kantini nyingi za Ujerumani ziliendelea kupika samaki Ijumaa kwa mazoea. Mtu asiyewahi kuingia kanisani anaipanga foleni ya samaki bila kuhisi ameamrishwa na Papa. Siku isiyo na nyama ilikuwepo mle kantini muda wote, imezoeleka kiasi cha kutoonekana.

Tofauti haimo kwenye chakula. Ghent ilitangulia na mwaliko na ikauacha mlango wa kukataa wazi kwa maandishi. Ijumaa ni mali ya watu wenyewe, haijulikani nani aliianzisha kantinini wala nani ananufaika nayo. Pendekezo la 2013 lilikuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa anaomba kura, na wapinzani wake pia walikuwa wanaomba kura.

Je, nyama ndiyo iliyowaangusha?

Tarehe 22 Septemba 2013 Kijani walipata asilimia 8.4. Mwaka 2009 walikuwa na 10.7. Na baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011 kura za maoni ziliwahi kuwapandisha juu ya asilimia 20, Winfried Kretschmann akawa waziri mkuu wa jimbo la Baden-Württemberg, wa kwanza kutoka chama hicho kuongoza jimbo. Kuporomoka kutoka kilele kile hadi 8.4 kulihitaji maelezo, na maelezo mepesi yalikuwa tayari mkononi.

Mimi siyakubali kirahisi. Chama kiliingia kampeni na mpango wa kodi wa kufikisha kiwango cha juu asilimia 49 kwa kipato cha kuanzia euro 80,000, na wengi wa wapiga kura wake ni hao hao wenye mishahara mizuri. Katika wiki za mwisho ukafufuka mjadala mzito kuhusu misimamo ya miaka ya 1980, pale baadhi ya makundi ndani ya chama yalipovumilia madai ya kuhalalisha ngono kati ya watu wazima na watoto. Jürgen Trittin, mmoja wa wagombea wawili walioongoza kampeni pamoja na Katrin Göring-Eckardt, alihusishwa moja kwa moja. Kansela Angela Merkel kwa upande wake alikuwa ameshawanyang'anya hoja yao kuu alipoamua, mwaka 2011, kufunga vinu vya nyuklia. Vyama vya muungano wake vilikusanya asilimia 41.5 bila kuhitaji soseji ya mtu.

Kuutenga mchango wa aya ya kantini ndani ya mchanganyiko huo haiwezekani, na anayetaja idadi ya kura zilizopotea kwa ajili yake anabuni. Ninachoweza kusema ni kwamba aya hiyo iliipa hasira nyingine umbo. Kodi ni hesabu, inachosha kueleza. Soseji iliyoondolewa inaeleweka kwa mtoto. Ndiyo maana baada ya uchaguzi iliposemwa "tulishindwa kwa sababu ya Siku ya Mboga", wengi walikubali, wakiwemo wanachama ambao ilikuwa nafuu kwao kuizungumzia kantini kuliko kuzungumzia kodi au ile miaka ya 1980.

Menyu moja, mameya wawili

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda kwa sababu karibu ni jaribio la maabara. Februari 2021 mji wa Lyon, Ufaransa, uliondoa nyama kwa muda kwenye milo ya shule. Sababu ilikuwa janga la korona: watoto walitakiwa kukaa mbalimbali, muda wa kuwahudumia ukawa mfupi, na menyu moja inayoweza kuliwa na karibu kila mtoto ilirahisisha foleni. Samaki na mayai vilibaki. Meya alikuwa Grégory Doucet wa chama cha Kijani cha Ufaransa. Waziri wa mambo ya ndani Gérald Darmanin aliuita uamuzi huo tusi kwa wakulima na wachinjaji wa Ufaransa, na wakulima wakaingiza matrekta mjini.

Mwaka uliotangulia, 2020, katika awamu ya kwanza ya janga hilohilo, mji huohuo ulikuwa umefanya jambo hilohilo kwenye shule zilezile. Meya wakati huo alikuwa Gérard Collomb, ambaye hakuwa Kijani, na aliyewahi mwenyewe kuwa waziri wa mambo ya ndani. Hakukuwa na matrekta.

Watoto ni walewale na chakula ni kilekile. Kilichobadilika ni mdomo uliotangaza, na kile watu walichodhani kimejificha nyuma ya tangazo. Mtafiti anayewauliza watu kama wanaunga mkono siku ya shule isiyo na nyama, bila kuwaambia nani ameileta na kwa nini, anapata jibu ambalo litabadilika siku ya tukio. Hili lingewafaa Kijani wa Ujerumani walipokuwa wanaandika ilani yao: kwa chama chenye sifa ya kuwafundisha watu adabu, hata pendekezo dogo hubeba uzito wa mapendekezo yote ambayo watu wanahofu yanakuja baadaye.

Yaliyobadilika bila jina

Novemba 2014, kwenye mkutano wa Hamburg, chama kikaizika rasmi Siku ya Mboga. Mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ya Rügenwalder Mühle, watengeneza soseji tangu 1834, ikaanza kuuza soseji zisizo na nyama. Ndani ya miaka michache mauzo ya bidhaa zake za mimea yakapita ya zile za nyama. Anayetaka kujua umma ulikataa nini mwaka 2013 aanzie hapo. Chakula chenyewe haukukikataa. Ulikinunua kwa fedha zake mara tu kilipowekwa rafuni pasipo mahubiri.

Takwimu za nchi zinasema jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Zile kilo 60 kwa kichwa zilishuka hadi takriban 52 mwaka 2022. Bei zilipanda, vijana walibadilika, korona na vita vilivuruga masoko, hivyo si haki kumpa mtu mmoja sifa. Lakini zilishuka bila sheria yoyote ya kitaifa juu ya sahani.

Na kantini nazo zilibadilika kwa mkono wa wapishi. Utafiti uliofanywa kwenye kantini za Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ukaongozwa na Emma Garnett na kuchapishwa mwaka 2019, uliangalia milo zaidi ya 94,000. Chakula cha mboga kilipoongezwa kutoka kimoja kati ya vinne hadi viwili kati ya vinne, mauzo yake yalipanda kwa asilimia 41 hadi 79. Ongezeko kubwa lilitoka kwa wale ambao zamani walikuwa wanachagua nyama karibu kila siku. Hakuna bango lililowekwa, na nyama ilibaki kwenye menyu. Aya ya 2013 ilikuwa na nusu hiyo ya wazo, ile ya kuongeza vyakula. Ingeachwa peke yake ingefanya kazi yote iliyokusudiwa.

Isieleweke kwamba kuondoa nyama hakuwezekani kamwe. Oktoba 2022 halmashauri ya Freiburg iliamua kwamba kuanzia mwaka wa masomo wa 2023 chekechea na shule zake za msingi zipike chakula cha mboga pekee. Malalamiko yalikuwepo, mengine makali. Lakini sababu iliyotangulizwa ilikuwa ya jikoni: menyu moja ni rahisi kuandaa, inapunguza gharama, na inawafaa watoto wa dini na desturi mbalimbali kwa pamoja. Ni sababu ambayo mzazi anaweza kuipima na kuipinga kwa hoja. Sababu ya kuokoa dunia ni kubwa mno kwa sahani ya mtoto. Asiyekubaliana nayo anaachwa asimame kama adui wa dunia, na hakuna mtu anayependa kusimamishwa hapo.

Ukimya

Hapa ndipo kisa kinaponiuma. Gharama kubwa ya mwaka 2013 haikuwa zile pointi mbili na ushei za uchaguzi. Ilikuwa woga uliobaki. Septemba hiyohiyo, siku chache baada ya kura, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha makadirio kwamba mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Hakuna chama kikubwa cha Ujerumani kilichotaka kuigusa namba hiyo. Februari 2017 waziri wa mazingira Barbara Hendricks alipoagiza hafla za wizara yake zipike mboga tu, waziri wa kilimo Christian Schmidt alilifufua jina lile la Siku ya Mboga kumpinga. Mwaka 2018 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliitia Ujerumani hatiani kwa kushindwa kudhibiti naitreti kwenye maji, tatizo ambalo samadi ya mabanda makubwa ina sehemu yake. Likajadiliwa kama suala la mbolea. Sahani haikutajwa.

Hamu ya watu ikibadilika yenyewe inaweza kupunguza kilo nane. Haiwezi kumjengea mkulima banda pana zaidi, kwa sababu banda linagharimu, na mkulima aliyefungwa kwenye mkopo hawezi kulipanua kwa nia njema ya wateja. Mwaka 2019 serikali iliunda tume kuhusu hilo, ikiongozwa na Jochen Borchert, waziri wa kilimo wa zamani kutoka chama cha Merkel, mtu ambaye hakuna angemshuku kuwa adui wa soseji. Februari 2020 tume ilipendekeza namna ya kupata fedha: tozo ya senti 40 kwa kila kilo ya nyama, ziende kwa wafugaji watakaowapa wanyama nafasi zaidi. Wawakilishi wa wakulima na watetezi wa wanyama walikaa meza moja na kukubaliana, jambo lisilotokea mara nyingi.

Umma nao haukuwa ukuta. Mwaka 2023 Grischa Perino na Henrike Schwickert wa Chuo Kikuu cha Hamburg walichapisha utafiti uliowauliza Wajerumani kuhusu tozo ya nyama, tozo ileile, wengine wakiambiwa ni kwa ajili ya hali ya wanyama na wengine kwa ajili ya tabianchi. Tozo ya wanyama iliungwa mkono zaidi. Mlaji anaweza kumwona nguruwe katika fikra zake, anajua senti zake zinakwenda kwa nani, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mkosaji kwa kula. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokosekana katika aya ya 2013.

Tangu Desemba 2021 wizara ya kilimo ilikuwa mikononi mwa Cem Özdemir, Kijani na mla mboga tangu ujanani. Kama kuna aliyeishi ndani ya kivuli cha Agosti 2013 ni yeye. Alirudia mara kwa mara kwamba hatamwagiza mtu ale nini, na mkakati wa chakula uliopitishwa na serikali Januari 2024 ulizungumza kwa upole juu ya mimea zaidi mezani. Namwelewa. Lakini tozo ya Borchert haikumwagiza mtu ale nini; iliuliza nani alipie banda. Ndani ya serikali hawakukubaliana fedha zitoke wapi. Agosti 2023, miaka kumi kamili baada ya kichwa kile cha habari, wajumbe wa tume waliamua kusitisha kazi yao wenyewe, kwa sababu walichokipendekeza hakikuwa kimepewa fedha za kukitekeleza.